Springi na Mpira: Habari ya Motokaa Katika Barabara Zetu

Somo hili lilisomwa kwanza katika redio kwa ajili ya vikundi vya elimu ya watu wazima. Limechapwa hapa ili wewe uliyekosa kulisikia upate kulisoma, na wewe uliyelisikia upate kulirudia pamoja na wenzako. Inafaa mmoja wenu asome kwa sauti, polepole, na wengine wasikilize. Kisha mjibu pamoja maswali yaliyo mwisho.

Somo la leo ni la historia. Tutazungumza juu ya vitu viwili vilivyofichika chini ya motokaa, ambavyo watu wengi hawavitazami mpaka vimeharibika: springi za mbele, na vipande vya mpira vinavyokaa kwenye ncha za springi hizo.

Huenda ukauliza: mkulima wa pamba wa Bukundi, ambaye hana motokaa, ana haja gani na springi? Ndugu, fikiri kidogo. Pamba yako huondoka kijijini kwa lori. Dawa za zahanati huja kwa gari. Mama aliyezidiwa na uchungu wa uzazi hupelekwa Mwanhuzi kwa gari. Springi ikikatika katikati ya mbuga wakati wa mvua, hasara haimpati dereva peke yake. Kwa hiyo yafaa tujue springi ilitoka wapi, na kwa nini mpira huwekwa pamoja nayo.

1. KABLA YA MOTOKAA

Zamani mizigo ya nchi yetu ilichukuliwa kichwani na mabegani. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walijulikana mpaka pwani kwa kazi ya upagazi. Mpagazi hana haja ya springi, maana magoti yake ni springi tosha. Akikanyaga shimo, goti hukunjika kidogo, na mzigo hautikisiki sana. Gurudumu halina goti. Likiingia shimoni, kishindo chote hupanda juu mpaka kwa mzigo na kwa mtu aliyeketi. Mtu yeyote aliyepanda mkokoteni wa ng'ombe anajua jambo hili bila ya kufundishwa.

Watu wa Ulaya walikuwa na shida hiyo hiyo katika magari yao ya farasi. Mwaka 1678 mtaalamu mmoja wa Uingereza, jina lake Robert Hooke, alichapisha kanuni ya springi. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Ukitundika mzigo wa kilo 10 kwenye springi nayo ikanyooka sentimita 2, basi ukitundika kilo 20 itanyooka sentimita 4. Mzigo ukiongezeka mara mbili, springi nayo husogea mara mbili, ilimradi haijapita mpaka wake. Ikipita mpaka huo, hairudi tena mahali pake.

Mwaka 1804 Mwingereza mwingine, Obadiah Elliott, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa gari la farasi lililokaa juu ya springi za mabamba ya chuma, yaani vipande vyembamba vilivyopindwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine. Tazama chini ya lori lolote linalokuja kuchukua pamba. Mpaka leo utayaona mabamba ya namna hiyo.

2. MPIRA ULITOKA WAPI

Katika Kiswahili neno mpira lina maana mbili: mpira wa kuchezea, na kile kitu chenyewe kinachovutika. Utomvu wa mpira ukiachwa hivi hivi huwa laini na wa kunata wakati wa joto, na mgumu wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani aitwaye Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hupata nguvu, hurudi mahali pake ukivutwa, na haunati tena. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa akikaa Belfast, akatengeneza gurudumu la mpira lenye upepo ndani kwa ajili ya baiskeli. Tangu hapo mpira ukatakiwa ulimwenguni kote.

Nchi yetu nayo iliingia katika habari hiyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani watu walikwenda porini kugema utomvu wa mibungo, ile mimea itambaayo juu ya miti. Walowezi walipanda mashamba ya miti ya mpira ya jamii ya mihogo, hasa upande wa Tanga. Bei ilipanda sana mpaka mwaka 1910. Kisha mashamba makubwa ya Asia yakaanza kutoa mpira mwingi kwa bei ndogo, na mwaka 1913 biashara ya mpira wa huku ikaanguka. Mashamba mengi yakaachwa. Mwaka 1942, Wajapani walipoziteka Malaya na Singapore, Waingereza walikosa mpira. Wakarudi kugema katika mashamba yale yale ya zamani ya Tanganyika.

Baada ya uhuru ndipo tulipopata kiwanda chetu cha matairi, General Tyre, pale Arusha. Kiwanda hicho kilikuwa na mashamba yake ya mpira huko Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Kilifanya kazi kwa miaka mingi, kikafungwa mwaka 2009.

3. MOTOKAA ZINAFIKA USUKUMA

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Lakini reli haikuweza kufika kila kijiji. Pamba ya Maswa, Bariadi na Meatu ilihitaji malori ya kuipeleka kwenye vinu vya kuchambulia, kisha marobota yaende Mwanza. Wakulima walipochoka kupunjwa katika mizani za wanunuzi, waliunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililojulikana kwa herufi V.F.C.U. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Bwana Paul Bomani. Mara nyingi tunaposimulia habari za ushirika tunataja mizani na bei. Tusisahau na barabara. Pamba iliyopimwa kwa haki lakini ikabaki ghalani kwa sababu lori limevunjika springi, bado haijamlipa mkulima.

Nanyi mnazijua barabara zenyewe. Wasukuma tangu zamani wanaita ardhi kwa majina yake: luseni ni ile ya kichanga juu ya miinuko, itogolo iko kwenye mteremko, na mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni. Kila ardhi huitesa motokaa kwa namna yake. Mbuga wakati wa mvua hushika magurudumu kama gundi. Wakati wa kiangazi hupasuka na kubaki na mifereji migumu. Na pale ambapo barabara ya changarawe imepitiwa na magari mengi, huota mawimbi kama ya bati. Shimo moja kubwa hupiga springi mara moja, lakini mawimbi huipiga maelfu ya mara katika safari moja. Chuma kinachopindwa na kunyooshwa mara nyingi namna hiyo huchoka. Ufa mdogo huanza mahali penye kutu, huendelea polepole bila kuonekana, na siku moja springi hukatika, hata kama siku hiyo mzigo haukuwa mkubwa.

Malori ya siku zile yalikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Land Rover iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 ilikuwa hivyo hivyo. Springi ya mabamba ina faida tatu. Hubeba mzigo mzito. Mabamba husuguana, hivyo hupunguza mrukoruko. Tena hushika ekseli isiende mbele wala nyuma. Bamba moja dogo likikatika, fundi huweza kulibadilisha hilo peke yake. Lakini bamba kuu likikatika, ekseli husogea, na usukani huvuta upande mmoja. Hapo dereva mwenye busara husimama.

4. SPRINGI YA KOILI NA MPIRA WAKE

Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa motokaa ndogo za Ulaya na Marekani walianza kuacha ekseli moja ngumu ya mbele. Walitaka kila gurudumu liende juu na chini peke yake. Mercedes-Benz walifanya hivyo mwaka 1933 katika motokaa yao ya 380, kwa kutumia springi ya koili, yaani chuma cha duara kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Mwaka 1950 kampuni ya Ford ya Uingereza ikatoa Consul, yenye springi ya koili na shokapu vilivyounganishwa kuwa nguzo moja. Mbinu hiyo ni ya Mmarekani Earle MacPherson, na leo iko katika motokaa nyingi ndogo unazoziona. Peugeot 404 iliyotoka mwaka 1960 nayo ilikuwa na nguzo za namna hiyo mbele.

Koili ni laini na nyepesi, lakini ina upungufu wake. Haina mabamba ya kusuguana, hivyo bila shokapu nzuri gari hurukaruka. Wala haiwezi kushika gurudumu lisiende huku na huku. Kazi hiyo hufanywa na mikono ya chuma yenye bushi za mpira. Na ncha za koili zikikaa chuma juu ya chuma, hulia, hulika, na kutu huingia mahali penye jeraha. Kwa hiyo ncha hiyo huwekewa mto wa mpira.

Mto huo una kazi zaidi ya moja. Huzuia kelele, huzuia chuma kula chuma, na katika magari mengine huweka kimo cha gari. Katika Mercedes-Benz nyingi za miaka ya 1970 na 1980 mipira hiyo ilitolewa kwa unene mbalimbali: milimita 8, 13, 18 na 23. Ubavuni ina vinundu vya kuhesabu. Kinundu kimoja ni mwembamba kuliko yote, vinne ni mnene kuliko yote. Na kwa kuwa springi hukaa karibu na katikati ya mkono wa chini, tofauti ya milimita 5 katika mpira huinua kona ya gari kwa zaidi ya milimita 5. Ukiweka mpira wa vinundu viwili kulia na wa vinundu vinne kushoto bila sababu, gari litaegemea upande.

5. MTIHANI WA SAFARI

Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari. Yalifanyika msimu wa mvua, wakati wa Pasaka, katika barabara zile zile zilizotumiwa na malori na mabasi. Ndiyo maana yalikuwa mtihani wa kweli wa springi.

Mwaka 1955 Ford Zephyr, ndugu yake Consul, ilishinda. Mwaka 1959 na 1960 ilishinda Mercedes-Benz 219, ikiendeshwa na Bill Fritschy. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, nazo 7 tu zikamaliza. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Mwaka 1968 zilianza 93, na tena zikamaliza 7 tu.

Tunajifunza nini? Gari lenye mbio kuliko yote halikufika kila mara. Lililofika ni lile lililostahimili mapigo, na ambalo mafundi wake walilikagua kila kituo na kubadilisha kilichochoka kabla hakijavunjika. Tangu mwaka 2003 yako pia mashindano ya motokaa za zamani peke yake, nayo yamewahi kupita nchini Tanzania. Watu huzileta motokaa zenye umri wa miaka 40 na 50, na springi zake bado huhesabiwa na kukaguliwa usiku kabla ya safari ya kesho.

6. MIAKA YA UHABA

Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi, na fedha za kigeni za kununulia spea zilikuwa haba. Malori mengi yalisimama juu ya mawe. Mafundi wetu hawakukaa wakilia. Walichukua bamba kutoka lori lililokufa wakalitia katika lori lililo hai. Walikata mito ya springi kutoka matairi makuukuu, kama vile watu wanavyokata ndala za katambuga. Na springi zilizokatika zikaenda kwa wahunzi, zikawa mapanga, visu na majembe, kwa kuwa chuma cha springi ni kizuri.

Tuwasifu mafundi hao, maana waliokoa mazao na maisha ya watu. Lakini yafaa tuseme wazi ni lipi lilikuwa la busara na lipi lilikuwa la hatari. Mpira wa tairi kuukuu huweza kulifikisha gari nyumbani. Haufai kuwa dawa ya kudumu, maana una nyuzi au waya ndani na unene wake haulingani. Kuchomelea springi iliyokatika ni hatari zaidi. Nguvu ya springi hutokana na namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huiharibu nguvu hiyo, na springi hukatika tena karibu na pale pale palipochomelewa, pengine gari likiwa katika mwendo. Siku hizi spea zinapatikana madukani, wala haja ya kuchomelea imekwisha. Hata hivyo desturi hiyo haijafa katika gereji zote.

7. KAZI YENYEWE

Sasa tutazame kwa ufupi jinsi fundi mwema anavyobadilisha springi za koili za mbele na mipira yake. Kila gari lina kitabu chake, na fundi hukifuata. Lakini mambo haya ni ya magari yote.

Kwanza, gari husimamishwa mahali tambarare na pagumu, na magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi. Likiisha kuinuliwa kwa jeki, hukalishwa juu ya vigingi vya chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na jiwe hupasuka.

Pili, springi hubanwa kwa kifaa chake kabla ya kufungua kitu chochote kinachoishikilia. Hapa ndipo penye mauti. Motokaa ya kilo 1,400 huweka zaidi ya kilo 300 juu ya kila gurudumu la mbele, na springi yenyewe huweza kulemewa zaidi ya hapo. Nguvu hiyo imelala ndani ya chuma ikingojea njia. Ikiachiliwa ghafla, springi huruka kama risasi. Waya, kamba na minyororo si kifaa cha kubania. Asiyekuwa na kifaa na asiyefundishwa aiache kazi hii.

Tatu, springi hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto. Springi mpya ikikaa na iliyochoka, gari huinama na kuvuta upande wakati wa breki. Mipira nayo hubadilishwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa bei yake ni ndogo na kazi ya kufungua ni ile ile. Mpira uliolowa oili au dizeli huvimba na kuoza. Uliopasuka kwa jua na umri hauna kazi.

Nne, ncha ya koili lazima iingie katika kitako chake barabara. Tano, nati za bushi za mpira hukazwa kabisa wakati gari limekwisha kushushwa na kusimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umesokotwa daima na hupasuka upesi. Mwisho, gari hupelekwa kupimwa mwelekeo wa magurudumu, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

8. NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, magari yanaendelea kubadilika. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka mwaka 1984 ikiwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Tangu mwaka 1999 imewekewa koili mbele. Kwa hiyo hata gari la kazi ngumu linalofika Bukundi leo huenda lina mito ya mpira ndani yake. Kanuni ya Hooke haijabadilika, wala mbuga haijabadilika.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika habari hii yote ufa ni kitu cha kweli, chenye unene wa unywele, kilichojificha ndani ya chuma kinachobeba watu. Kama wewe ni dereva au mwenye gari, inama utazame. Kama wewe ni abiria au mwenye pamba, unayo haki ya kuuliza: springi hizi zilikaguliwa lini? Ukiona gari limeegemea upande, au ukisikia chuma kikigonga chuma kila penye shimo, usinyamaze kwa haya. Mwenye gari hupoteza springi. Wewe waweza kupoteza maisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kanuni ya Robert Hooke kwa kutumia mfano wa maisha ya hapa kijijini.
2. Kwa nini biashara ya mpira wa nchi yetu ilianguka mwaka 1913, na kwa nini mpira ulitafutwa tena mwaka 1942?
3. Springi ya mabamba na springi ya koili zinatofautianaje? Ipi inahitaji zaidi shokapu nzuri, na kwa nini?
4. Mafundi wa miaka ya uhaba walifanya mambo gani ya busara, na mambo gani ya hatari?
5. Wazee wa kikundi waeleze: pamba ya hapa ilisafirishwaje walipokuwa vijana, na ni mahali gani barabarani palipovunja magari mengi?
6. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili gari linalobeba wagonjwa au mazao ya kijiji likaguliwe kabla ya mvua kuanza?